Joto la Abiria

Nikiwaambia watu kwamba mwaka ule nilizunguka Mtwara nzima nikitafuta vazi linalopasha joto kwa umeme, hucheka kwanza, halafu ndipo huuliza lilikuwa la nani. Siwalaumu. Huku kwetu barafu za mfuko zinanunuliwa Julai kama zinavyonunuliwa Desemba, na ukivaa sweta mchana utaulizwa kama umeshapima malaria. Lakini huyo anayecheka hajawahi kukaa nyuma ya pikipiki alfajiri, kipupwe kimeshika, akitoka Mpapura kwenda mjini, ukungu umelala juu ya mikorosho na upepo wa kusi unampiga ubavuni. Wala hajazaa mtoto mwenye selimundu, huu ugonjwa wa damu ambao wengi wanauita sikoseli. Mtoto wa namna hiyo akipigwa na baridi, anaweza kuamka kesho yake analia mifupa.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi. Kwetu ni Makete, huko juu ambako mtoto anazaliwa na kofia ya sufu ikimsubiri, na nimeolewa huku pwani na mkulima wa korosho. Tulijaliwa watoto wawili. Wa kwanza, wa kiume, alitutoka akiwa mdogo kwa ugonjwa huo huo, nami nikiwa Dodoma kwenye semina. Nilirudi nikakuta wameshamzika, maana hapa maiti hasubirishwi. Tangu siku ile nilijiapiza kwamba huyu wa pili, binti, hatalala nyumba ambayo mimi simo. Na sikuwahi kumwacha, hata usiku mmoja.

Miaka mitatu ya mwanzo ya sekondari yake haikuwa na shida, kwa sababu nilikuwa nafundisha mjini na tulipanga huko huko. Alipoingia kidato cha nne, barua ya uhamisho ikanikuta, nikapelekwa Mpapura. Mume wangu alifurahi kuliko siku ya harusi, maana shamba lake liko huko na alikuwa amechoka kwenda na kurudi. Binti hakuweza kuhama. Alikuwa ameshasajiliwa kwa mtihani wa taifa kwenye shule yake ya mjini, shule ya kutwa, na isitoshe iko karibu na hospitali inayomjua.

Wifi yangu, dada wa mume wangu, anakaa Ufukoni, kwa miguu si mbali na shule hiyo. Siku tuliyofunga mizigo alikuja na maneno yake mdomoni tayari.

"Wifi, niachie mtoto. Chumba kipo, chandarua kipo, mimi mwenyewe nipo. Wewe nenda kafundishe watoto wa watu."

"Ahsante wifi," nikamwambia. "Tutaona."

Kwetu "tutaona" maana yake ni hapana, naye alijua. Alinitazama akatikisa kichwa, akasema uchungu wa mwana aujuaye mzazi, basi. Nililipokea neno hilo kama ushindi.

Kwa hiyo tukaanza. Pikipiki naendesha mimi. Mume wangu aliwahi kuanguka nayo kwenye mchanga, akaapa kwamba chombo cha magurudumu mawili ni cha watu wasio na dini. Nilikuwa naamka kabla ya adhana, nachemsha chai, namwamsha binti, tunatoka giza likiwa bado halijaamua kuondoka. Ilikuwa lazima tutoke mapema hivyo, kwa sababu baada ya kumshusha shuleni kwake nilitakiwa nigeuze, nirudi Mpapura mbio, niwe nimesimama mbele ya darasa langu kengele ikilia. Mwalimu mkuu wangu alikuwa mtu mpole isipokuwa kwenye jambo la muda. Nilikuwa naishi kama kuku aliyekatwa kichwa. Nikiwa barabarani nawaza darasa, nikiwa darasani nawaza barabara, nikila nawaza kama mafuta ya pikipiki yatatosha. Jioni alirudi kwa basi pamoja na wanafunzi wengine, jua likiwa bado kali, na hapo tu ndipo nilipokuwa navuta pumzi.

Mwanzoni mwa mwaka hapakuwa na tatizo. Juni ilipoingia, mambo yakageuka. Asubuhi moja alishuka kwenye pikipiki akiwa hawezi kunyoosha vidole. Kesho yake maumivu yakamshika nyonga na mapaja, tukalazwa, dripu, dawa, na mitihani ya majaribio ikafanyika yeye akiwa wodini. Daktari alisema maneno yale yale wanayosema siku zote: anywe maji mengi, asichoke sana, asipigwe baridi. Nilimwuliza Mtwara baridi inatoka wapi. Akauliza anakwenda shule kwa usafiri gani. Nilipomjibu, aliandika kitu kwenye faili lake bila kuniangalia.

Binti anataka kusomea maabara. Anasema amechomwa sindano na watu wengi mno, sasa anataka zamu yake. Akikosa tena wiki kama zile za Juni, angeingia kwenye mtihani wa Novemba na nusu ya kemia akiwa hajaisoma, na ndoto ingeishia hapo. Njia zilikuwa mbili tu. Ama akae Ufukoni kwa shangazi yake, ama nimpatie joto juu ya pikipiki. La kwanza sikutaka hata kulisikia. Nikaanza kutafuta joto.

Nilianza na vijana wa bodaboda wa pale kijiweni karibu na shule. Hao wanajua upepo. Kila mmoja alikuwa amevaa koti zito la mitumba kinyumenyume, mgongo wa koti kifuani, zipu nyuma, jinsi wanavyovaa wote, ili upepo usipenye kwenye zipu.

"Madam, mgeuzie koti," mmoja akaniambia. "Halafu mwekee gazeti kifuani, ndani ya shati. Gazeti halipitishi."

Tulijaribu. Binti alivaa koti la baba yake kinyumenyume, mikono ikamfika magotini, na gazeti likawa linapiga kelele kila akihema. Alicheka mpaka akakaa chini. Alipofika shuleni, wino ulikuwa umehamia kwenye shati jeupe, kichwa cha habari kinasomeka kuanzia kulia. Mwalimu wa zamu hakucheka. Siku iliyofuata nikamfunga nailoni, ile ya kufunikia magodoro, nayo ikapeperuka tulipokuwa tunateremka Mikindani, pale upepo wa bahari unapokutana nawe uso kwa uso. Nikajaribu chupa za maji ya moto zilizozungushiwa kanga, akazikumbatia tumboni. Zilipoa kabla hatujafika nusu ya njia, sasa amekumbatia chupa baridi.

Mwalimu mwenzangu kijana, mwenye bando siku zote, ndiye aliyenionyesha kwenye simu wakati wa mapumziko kwamba huko Ulaya kuna nguo za kupasha joto abiria wa pikipiki. Nilimpokonya simu. Kulikuwa na vizibao, kulikuwa na glavu, soksi, hata suruali nzima yenye nyaya ndani kama ya mtu anayekwenda mwezini. Nilisoma yote. Chai ilipoa, kengele ikalia, nikaingia darasani na simu ya mtu mfukoni. Siku kadhaa sikuwa na mazungumzo mengine. Mume wangu alikuwa anachanganya salfa ya kupulizia mikorosho, ndio msimu wake, uso wote wa njano, nami nimesimama nyuma yake namweleza tofauti ya glavu na soksi.

"Kwa hiyo mtoto atachomekwa kama pasi," akasema.

"Atapashwa joto kama mtoto wa watu."

"Umemuuliza mwenyewe anataka lipi?"

Nilimwambia asubuhi yote iko juu yangu, yeye aendelee na salfa yake. Aliendelea.

Nguo zenyewe zilikuwa za aina mbili. Zipo zenye betri yake ndogo mfukoni, unaichaji nyumbani usiku, na zipo zenye waya unaochomekwa kwenye betri ya pikipiki. Za betri ndogo nilizikataa upesi. Mpapura umeme unakatika ukiwa unautazama, na betri iliyoishiwa katikati ya safari ni mzigo tu. Halafu, na hili ndilo lililoniamulia, kwenye ile ya betri ndogo swichi iko kifuani kwa mvaaji. Kwenye ile ya waya unaweza kuiweka swichi kwenye usukani. Niliona mara moja kwamba hiyo ndiyo yetu. Mimi nimezaliwa kwenye baridi. Najua inavyoingia, najua inavyotoka, hakuna mtu wa Mtwara wa kunifundisha mimi habari za baridi. Swichi ingekaa kwangu.

Nikachagua kizibao badala ya glavu au suruali, kwa elimu ile ile ya Makete. Kwetu mama anamwambia mtoto, funika kifua na kichwa, miguu itajijua. Tunakaa kwenye baridi, tunalala kwenye baridi, na kifua kikiwa na joto mtu anaishi. Sikujiuliza kama Makete kuna mtu anayekaa juu ya baridi inayokimbia.

Kuagiza kutoka mbali kulinishinda uvumilivu. Nikaanza kuvizia mitumba. Kila marobota yalipofunguliwa sokoni nilikuwa pale, nabonyeza makoti nikisikilizia nyaya, mpaka wauzaji wakadhani natafuta fedha zilizosahauliwa mifukoni. Siku niliyokipata, kilikuwa kimetundikwa pembeni, cheusi, chepesi, na mkia wa waya unaning'inia. Muuzaji alikuwa ameshakiogopa.

"Hicho sijui ni cha nini, mama yangu," akasema. "Mwingine kaniambia cha mgonjwa wa moyo. Mwingine kasema nikiweke mbali, kinaweza kulipuka."

Nilikikumbatia mbele za watu. Kilikuwa kikubwa kidogo kwa binti, lakini kilikuwa kizima. Fundi wa nyaya za pikipiki alikikagua, akacheka, akasema pikipiki yangu ndogo haiwezi kuendesha taa kubwa na jiko kwa pamoja, akanibadilishia balbu ya mbele ikawa ya ledi. Akapitisha waya chini ya kiti, akanifungia swichi kando ya honi. Tulipojaribu pale pale gereji, jua la mchana juu yetu, binti amevaa kizibao juu ya shati la shule na jasho linamtiririka, mafundi wote waliacha kazi wakaja kutazama.

"Unasikia?" nikamwuliza.

"Nasikia mama. Kinachoma."

"Ndiyo chenyewe!"

Asubuhi ya kwanza sitaisahau. Binti hukaa upande, miguu yote upande mmoja, kama wanavyokaa wasichana na wanawake wenye sketi huku kwetu. Mwanafunzi wa kike akitanua miguu juu ya pikipiki, mpaka afike shuleni habari zimeshatangulia. Akikaa hivyo, bega lake na ubavu vinaegemea mgongo wangu. Nikawasha swichi. Tulipopita mashamba ya mwisho, ukungu mzito, harufu ya salfa mbichi, nilianza kusikia joto likiingia mgongoni mwangu. Lilianza taratibu, likaenea, likakaa. Lilikuwa joto la mwanangu. Niliimba pambio peke yangu ndani ya helmeti mpaka Mikindani. Nilipomshusha nikamwuliza, umepata joto? Akasema, nimepata mama. Nikachomoa waya, kizibao kikabaki mwilini mwake chini ya sweta ya shule, nikageuza pikipiki.

Tangu siku hiyo nilikuwa najipimia kwa mgongo. Mgongo ukipoa, naongeza. Ukipata moto, nashukuru Mungu. Vijana wa kijiweni wakawa wananipigia honi na kunipungia mkono kama mtu anayepiga pasi, nami nawarudishia. Nilimpigia wifi simu makusudi kabisa nimwambie mambo yamekuwa mepesi.

"Haya wifi," akasema. "Mtaalamu wa baridi umeshinda. Chumba bado kipo."

Nilikata simu nikiwa na hasira. Kwa nini chumba kiwepo bado? Mtu akikuambia mlango uko wazi, anakuambia kwamba anasubiri uanguke. Ndivyo nilivyowaza, na niliwaza hivyo siku nzima, nikasahihisha madaftari ya watoto wa watu kwa kalamu nyekundu iliyokuwa inatoboa karatasi.

Kisha ikaja asubuhi moja ya Agosti, upepo mkali kuliko kawaida. Nilimpa joto la juu kabisa. Mgongo wangu uliungua njia nzima. Nilimshusha, nikamwuliza swali langu, akanipa jibu lake, nikageuza. Nilikuwa katikati ya hesabu za sehemu, ubaoni nimechora chungwa limekatwa vipande, simu ikatetemeka. Ilikuwa shule yake. Walisema njoo. Niliacha chungwa ubaoni.

Nilimkuta hospitali, kwenye kitanda cha dirishani, amekunja miguu, anauma pindo la shuka. Shangazi yake alikuwa ameshafika kabla yangu, amekaa kwenye ukingo wa kitanda anamkanda magoti kwa kitambaa cha maji ya moto, haongei. Sikuwahi kumwona wifi yangu haongei. Nilisimama pale na helmeti mkononi, sijui niiweke wapi. Kitu pekee kilichokuwa kinazunguka kichwani ni kwamba mgongo wangu ulikuwa na joto. Nilimwambia muuguzi hivyo. Nilimwambia, haiwezekani, mgongo wangu ulikuwa na joto. Aliniangalia kama mtu anayetafuta mgonjwa ni yupi.

Maumivu yalichukua siku zake, kama kawaida yake. Yalipoanza kulegea, wifi akiwa ameenda kuchukua uji, nilivuta kiti.

"Kizibao kilizima njiani?" nikauliza.

"Hakikuzima."

"Sasa?"

Alinyoosha kwanza pindo la shuka. Yeye ni mtoto mwenye adabu, na adabu yake inachelewesha mambo.

"Mama, kifua kilikuwa kinapata joto sana. Magoti hapana. Nikikaa upande, upepo wote ni wangu, magoti yako nje. Halafu kile kinanitoa jasho, shati linalowa. Tukifika unachomoa waya unaondoka. Geti linakuwa bado halijafunguliwa. Nakaa barazani kwenye saruji, na lile shati bichi, mpaka mlinzi afungue. Hapo ndipo baridi inaponipata. Kila siku hapo."

Nilimwuliza kwa nini hakusema. Nilipaza sauti, Mungu anisamehe, wodini, watu wamelala. Kila asubuhi nilikuwa namwuliza!

"Ulikuwa unauliza kama nimepata joto, mama. Na nilikuwa nimepata. Ukishageuza ndiyo linaondoka." Akajifuta uso kwa shuka. "Na ulikuwa unaimba. Nilikuwa nakusikia unaimba. Tangu kaka afariki sijakusikia unaimba barabarani."

Waswahili wanasema adhabu ya kaburi aijuaye maiti, na mimi nilikuwa nimekaa mbele miezi yote ile nikijifanya najua ya nyuma. Dereva ana kazi, anakata kona, anakanyaga breki, mwili unachemka wenyewe. Abiria amekaa tu. Amebebwa kama gunia, na baridi inapata nafasi ya kumchagua mahali pa kuingilia. Hata joto nililokuwa nalisikia lilikuwa lake, limevuka kutoka kwake kuja kwangu. Nilikuwa namtazama mwanangu kwa mgongo.

Wifi alirudi na uji. Alituangalia wote wawili, akamimina kwenye kikombe, akapuliza.

"Wifi," nikamwambia. "Kile chumba."

"Kipo."

"Nani atakuwa analala karibu naye? Usiku maumivu yakianza, nani atasikia?"

"Nitalala naye kitanda kimoja mpaka baridi iishe. Mimi nasikia hata panya akigeuka." Akamkabidhi binti kikombe. "Lakini usiniulize mimi peke yangu. Muulize mwenye mifupa yake."

Nikamgeukia. Naapa sikuwahi kumwuliza mtoto huyo swali gumu kama lile, na yeye alilijibu kabla sijalimaliza.

"Nataka kukaa kwa shangazi, mama. Nataka kuamka jua limetoka." Kisha akaona uso wangu, akaongeza haraka, "Jumamosi nitakuja nyumbani. Kwa basi. Mchana."

Sijui ni nini kiliniuma zaidi, kwamba alikuwa na jibu tayari au kwamba alikuwa amelibeba muda wote ule nyuma yangu bila kulitoa, ili mimi niendelee kuimba. Nilisema sawa. Nilitoka nje nikaenda kusimama karibu na pikipiki, nikalia pale pale kwenye maegesho, walinzi wakageuka upande mwingine kwa heshima.

Jumapili tulihamisha vitu vyake. Godoro, ndoo, vitabu, dawa zake za kila siku kwenye mkebe. Mume wangu alikuja kwa basi na gunia la mihogo mgongoni, akakitazama chumba, akabonyeza kitanda, akafungua na kufunga dirisha linaloelekea baharini, akaliziba ufa kwa kipande cha sponji bila kuambiwa na mtu. Nilimwelekeza wifi mambo yote ambayo alikuwa anayajua: maji mengi, asioge ya baridi, asikae sakafuni, ukiona macho yamekuwa ya njano nipigie, ukiona hajala nipigie, ukiona chochote nipigie. Alikuwa anajibu ndiyo wifi, ndiyo wifi, na kwa mara ya kwanza hakunitania. Binti alinisindikiza mpaka kwenye pikipiki. Alinipa helmeti. Nikawasha, nikaondoka kwa kasi kuliko ilivyostahili, kwa sababu ningekaa pale dakika moja zaidi ningempakia.

Njiani nilijua kwamba mgongo una ngozi. Upepo uliingia kuanzia shingoni ukateremka mpaka kiunoni, jua likiwa bado juu. Nilisimama mara mbili nikidhani nimesahau kitu.

Usiku huo nililala kama mtu aliye stendi. Kila gari lililopita barabara kuu niliinuka. Mume wangu aliniambia tulia mama, nikamwambia tulia wewe, na wote wawili hatukutulia. Kabla ya adhana nilikuwa nimeshaamka. Nilichemsha chai ya watu wawili. Nikatoa pikipiki nje, nikaiwasha ipate moto, ukungu umekaa juu ya mikorosho kama kila siku, na ndipo nilipokumbuka kwamba sina mtu wa kumpeleka. Kengele ya shule yangu ilikuwa mbali sana. Nilizima injini. Nilisimama uani nimeshika ufunguo, kama mtu aliyechelewa mahali.

Nilivumilia mpaka kukaanza kupambazuka, kisha nikapiga simu. Iliita kidogo tu.

"Shikamoo mama."

Sauti ilikuwa nzito ya usingizi, ya mtu aliye chini ya blanketi. Nikamwuliza amelalaje, magoti yanasemaje, shangazi amelala naye kweli au alisema tu. Akasema amelala vizuri, magoti hayasemi kitu, na shangazi anakoroma. Nikamwuliza akitoka atavaa nini. Akanitajia: soksi ndefu, sweta, na suruali ya michezo ndani ya sketi, shuleni wamemruhusu. Atatembea na jua.

"Na wewe mama?" akauliza. "Nasikia upepo kwenye simu. Uko nje?"

"Niko hapa uani."

"Umevaa nini?"

Nilijitazama. Nilikuwa na gauni la kulalia na kanga moja, miguu haina kitu, imelowa umande.

"Nimevaa sweta," nikasema.

"Mama. Washa video nikuone."

Nikamwambia asubiri kidogo, nikaingia ndani kutafuta sweta.